Legeza Waya, Baba

Mtu akinikuta kazini kwa mara ya kwanza hudhani najifukiza kwa sababu ya homa. Nakaa kwenye kigoda kando ya maji, leso imenifunika kutoka kichwani mpaka magotini, na ndani ya leso niko mimi, kompyuta na rimoti. Jua la huku kwetu halina adabu. Bila leso skrini inageuka kioo cha kujitazamia na huoni chochote cha maana. Kwa hiyo wanafunzi waliokuja kuona sayansi wanakuta mwanamke amejifunika kama mgonjwa na anawapigia kelele kutoka ndani.

Kelele nazipiga kweli. Nina hasira za karibu, na kazi yangu haijazipunguza.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja kando ya barabara kuu ya Thika. Chombo ninachokitunza ni roboti ya majini. Ni ya plastiki ya manjano, haizidi mtungi wa maji wa kawaida kwa ukubwa, ina taa mbili, kamera moja, propela chache na mkono mdogo wa kushikia vitu. Tunaitumia kuwaonyesha wanafunzi mambo ambayo zamani ilibidi mtu avue nguo aingie kuyaona: ukuta wa bwawa ulivyo chini, mdomo wa bomba ulivyoziba, matope yalivyojaa kwenye mabwawa ya mashamba ya kahawa. Haiendi peke yake. Ina waya mrefu nyuma yake, na waya huo ndio unaoleta picha kwangu na kupeleka amri zangu kwake. Waya ukikatika, umeipoteza.

Kazi hii ni ya watu wawili, na ina sheria moja ambayo nimeirudia darasani mpaka wanafunzi wananiigiza nikigeuka. Mwendeshaji hatazami maji, na mshika waya hatazami skrini. Mwendeshaji akichungulia nje, macho yanazoea jua, na akirudi ndani ya leso haoni kitu kwa muda. Mshika waya akitazama skrini anasahau mikono yake. Yeye kazi yake ni kuuachilia waya roboti inapokwenda na kuukusanya inaporudi. Akiulegeza mno unanasa kwenye mawe, na akiukaza mno roboti inabaki inasukuma bure mahali pamoja.

Mshika waya niliyempenda kuliko wote alikuwa ndugu yangu mdogo.

Alikuwa na pikipiki ya boda boda, stendi yake ilikuwa Gitothua. Siku moja gari la idara lilikataa kuwaka, na wanafunzi walikuwa tayari wananingoja kando ya bwawa. Nikampigia simu. Akaja, akalifunga sanduku la roboti nyuma ya pikipiki kwa mipira, akanipakia na mimi juu ya hapo, na tukafika tukiwa wote wazima, jambo ambalo bado linanishangaza. Badala ya kurudi stendini akabaki kutazama. Mwanafunzi aliyeshika waya alikuwa anajibu ujumbe kwenye simu kwa mkono mmoja. Nilimfukuza, nikampa ndugu yangu ule waya, na tangu siku hiyo hakuna safari ya majini aliyoikosa.

Alikuwa na mtindo wake. Kila alipouachilia mviringo mmoja wa waya, aliiambia roboti, "Enda urudi." Mviringo mwingine, "Enda urudi." Hayo yalikuwa maneno ya mama yetu. Tulipokuwa watoto kwetu Makongeni, Thika, alikuwa akitutuma dukani, anatema mate chini mlangoni na kutuambia, "Enda urudi kabla hayajakauka." Tulikimbia kama wendawazimu kwa ajili ya mate hayo. Sasa mtu mzima mwenye ndevu alikuwa anaiambia plastiki maneno yale yale, na wanafunzi wakacheka siku ya kwanza, na siku ya tatu nao wakawa wanayasema. Nilipokaa sana ndani ya leso aliniuliza, "Siz, umeiva huko?" Nikamwambia afunge mdomo ashike waya.

Hakujua kuogelea. Hata mimi sijui. Miaka yote hiyo tumeshinda kando ya maji, na hakuna aliyewahi kuingia zaidi ya magoti.

Nje kidogo ya Gitothua kuna timbo la mawe lililoachwa. Wachimbaji walikata mawe ya kujengea pale mpaka maji yakatoka chini, wakakusanya vyombo vyao wakaenda kukata kwingine. Hakuna aliyeweka ua, hata kamba. Kingo zake zimenyooka kama ukuta wa nyumba; hatua moja uko juu ya jiwe, hatua ya pili huna chini. Watu wa boda huenda kuosha pikipiki pale kwa sababu maji ni ya bure. Ndugu yangu alikwenda alasiri moja baada ya mvua. Wenzake walipomtafuta jioni waliikuta pikipiki imepakwa sabuni upande mmoja tu, povu limekauka, na viatu vyake vya raba viko pamoja. Ndoo haikuwepo. Alikuwa ameinama kuchota.

Wapiga mbizi waliitwa wakaja. Niwape haki yao, waliingia, na waliingia tena kesho yake. Kisha mkubwa wao akanivuta kando.

"Madam, hii maji ni giza. Chini kumejaa nyaya na vyuma. Nikipoteza kijana wangu huko nitaambia bibi yake nini?"

"Na mimi nimwambie mama yangu nini?"

"Atajitoa. Huwa wanajitoa wenyewe baada ya siku chache."

"Huwa?" nikamwuliza. "Wewe umewahi kumngoja wako?"

Akageuka akaenda kukusanya vifaa vyake. Tulingoja. Siku zikapita na maji hayakumtoa.

Ndipo baba mkubwa akapiga simu kutoka nyumbani, magharibi, ambako ndiko kwetu ingawa sisi watoto tumezaliwa Thika. Kwetu mtu aliyekufa haachwi bila kaburi. Mwili ukikosekana, watu hukata shina la mgomba, wakaliviringisha kwenye blanketi au nguo za marehemu, wakaliombea, wakalilia, wakalizika. Kisha watu hunyoa nywele na maisha yanaendelea.

"Mtoto wangu," baba mkubwa akasema, "hatutaki kijana alale nje. Tutafanya kama tulivyomfanyia ndugu yetu aliyepotelea ziwani. Jumamosi ni sawa. Mje na nguo zake."

Alisema kwa upole, na hakuwa na kosa. Nilipeleka ujumbe huo Makongeni. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka sakafuni, kina mama wa kanisa wamemzunguka na mmoja anamsugua mgongo. Nilipomaliza kusema alinitazama.

"Mimi sikuzaa mgomba," akasema.

 Baadaye, jikoni, tuliamua bila yeye: tukifika Ijumaa jioni bila kumpata, tungesafiri na nguo tu.

Basi nikaenda kwa mwenyekiti wa idara kuomba roboti. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, kuhusu vyuo na wananchi na kodi. Alinisikiliza sentensi moja tu, akafungua droo akanisukumia funguo za stoo.

"Chukua," akasema. "Lakini usipeleke wanafunzi. Wasione hiyo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Bila wanafunzi, nani angeshika waya? Wapiga mbizi walisema kijana mmoja angekuja asimame tayari, lakini hawakutaka kushika kitu wasichokijua. Niliporudi Makongeni kueleza hayo, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mahali ambapo alikuwa amekaa tangu siku ya kwanza bila kusema lolote. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika mpaka alipostaafu, na kelele za mashine zilimfundisha kuishi kimya.

"Nitashika mimi," akasema.

"Baba, si lazima."

"Mama, nimesema nitashika." Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Alhamisi tulifika timboni mapema. Nilimfundisha pale pale: hivi ndivyo unavyoachilia, hivi ndivyo unavyokusanya, nikisema legeza, legeza. Aliitikia kwa kichwa kila mara, kwa makini. Nilipanga waya kwa miviringo miguuni pake. Mwanamke anayewauzia chai watu wa mawe akamletea kiti cha plastiki, akakikataa, akasimama. Watu walikuwa wamejaa kingoni na simu zao, na mhubiri mmoja ambaye hakuna aliyemwita alikuwa anatueleza makosa yetu mbele za Mungu. Nilishukuru kuingia ndani ya leso. Ilikuwa leso ya Mama. Nilikuwa nimeiomba asubuhi akanivulia mabegani.

Maji yalikuwa ya kijani, kisha ya kahawia. Taa zilifika umbali wa mkono, hazikuzidi hapo. Nikauona ukuta wa jiwe na alama za sururu za wachimbaji, mistari mistari. Nikasukuma mbele.

"Baba, legeza."

"Nimelegeza."

Ukuta. Mistari ya sururu. Propela zilikuwa zinalia, na picha haisogei. Nikageuza kushoto, nikasukuma.

"Legeza kidogo, Baba."

"Nimelegeza, Mama."

Nilibadilisha betri. Nikaitoa roboti, nikasafisha propela, nikairudisha. Nilisema maneno mabaya juu ya waliotengeneza mota na juu ya chuo kilichokataa kununua mpya. Nilifikiri kuna mkondo wa maji unaonirudisha, mimi niliyewafundisha watu kwamba timbo halina mkondo. Mpaka betri zote zinaisha sikuwa nimeona chochote ila jiwe. Tulirudi Makongeni, na Mama aliponitazama nikatikisa kichwa. Alihamisha macho kwenye mkoba wa nguo za ndugu yangu, ambao mtu alikuwa ameufunga tayari na kuuweka mlangoni.

Ijumaa tulianza tena. Maji ya kijani, maji ya kahawia, ukuta. Na kwenye ukuta nikaona alama mbili za sururu zilizokutana, kama mtu aliyeanza kuandika msalaba akaitwa. Alama hiyo nilikuwa nimeiona jana. Nilikuwa nimeiona jana asubuhi, na jana mchana, na jana wakati betri ya mwisho inakufa.

Nilitupa leso. Jua likanipiga usoni na kwa muda sikuona kitu. Kisha nikauona waya. Ulikuwa umelala miguuni pa Baba, mviringo juu ya mviringo, kama nilivyoupanga mimi mwenyewe. Kipande kilichokuwa kimeingia majini kisingetosha kufunga mbuzi. Kilichofuata alikuwa amekizungusha kwenye ngumi yake ya kulia na kukikaza, na vidole vilikuwa vimepoteza rangi.

"Baba!" Nilipiga kelele mbele za watu wote, mimi binti yake. "Jana yote unaniambia umelegeza! Iko hapa! Iko hapa tu chini ya miguu yako! Tumetafuta wapi?"

Mhubiri akageuka kututazama. Mwanamke wa chai aliinamisha kichwa. Baadaye aliniambia kwamba aliiona ngumi hiyo tangu Alhamisi. "Lakini mzazi nitamwambia nini?" akaniuliza, akamwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Ngai, ningemwambia nini?"

Baba aliitazama ngumi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nikiachilia, itaenda," akasema.

"Ndiyo, Baba. Iende. Ndiyo kazi yake."

"Itaenda huko." Alionyesha maji kwa kidevu. "Huko si mahali pa kupeleka kitu."

Hasira yangu ilitoka mwilini yote kwa mara moja. Nilikaa kwenye jiwe karibu na miguu yake. Tangu jioni ile nyumbani kwetu tulikuwa tunasema hajapatikana. Tulikuwa tunasema tunamngoja, tunamtafuta, Mungu atatuonyesha. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amelisema lile neno lenyewe.

"Ameenda, Baba," nikasema. "Alishaenda. Sisi tunamfuata tu."

Alilia akiwa amesimama, mabega tu yakitikisika, sauti haitoki. Niliinuka nikamshika. Niliikunjua ngumi yake kidole kwa kidole, na waya ulikuwa umeacha mfereji kwenye ngozi. Mkono ulikuwa baridi, na mimi nikaufunga kwenye mikono yangu miwili nikaupuliza, kama alivyokuwa akitupulizia sisi asubuhi za Julai tukienda shule.

Alipotulia aliniuliza, "Yeye alikuwa anafanyaje? Akishika."

"Alikuwa anaongea nayo. Akitoa mviringo mmoja anasema, enda urudi."

"Hayo ni ya mama yako."

"Ndiyo, Baba."

Aliuinua waya upya, safari hii kwa vidole, ukiwa umelala tu juu yake. Nikarudi ndani ya leso. Nje nikasikia sauti yake, ndogo, sauti anayoitumia kanisani wakati wa kuungama. "Enda urudi." Ile alama ya msalaba ikaanza kusogea kando ya skrini, ikatoka. "Enda urudi." Ukuta ukaisha. Sakafu ya timbo ikaja, matope laini ambayo sikutaka kuyagusa, tairi la lori, toroli la wachimbaji limelala ubavu, gurudumu juu. "Enda urudi." Kisha nyaya chakavu, zimekunjamana kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Na ndani ya nyaya hizo, mistari miwili ya fedha ikawaka.

Ilikuwa reflekta yake. Ile jaketi ya boda ya rangi ya ndizi mbivu, yenye mikanda inayong'aa. Inashonwa hivyo ili dereva amwone mtu gizani, na taa zangu zilipoigusa ilifanya kazi yake.

Nilisimamisha roboti. Nje watu walikuwa bado wananong'ona, simu zimeinuliwa, na Baba alikuwa bado anasema enda urudi. Ndani ya leso ya Mama tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Alikuwa amenipa mgongo. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa kuna mambo mengi ya wiki ile ambayo sijamshukuru na sidhani nitamshukuru. Nilimwambia pole. Nilimwambia samahani tumechelewa, ni mzee tu, unamjua. Nilikaa naye kidogo, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo Baba hatakuwa tena mtu anayetafuta.

Kisha nikaleta roboti karibu, polepole, nikafungua ule mkono wake mdogo ambao wanafunzi huutumia kuokota chupa, nikaufunga kwenye bega la jaketi.

"Baba."

"Naam."

"Usilegeze tena. Shika hapo hapo."

 Niliusikia waya ukitulia. Nikamwita kijana wa kupiga mbizi, akaingia, akaufuata waya mpaka chini, na kwenye skrini nikaona mikono yake ikifika, ikikata nyaya moja moja bila haraka, kwa heshima. Alipomaliza aliutikisa waya.

"Sasa vuta, Baba. Pole pole."

Kwetu maiti habebwi kimya. Mkubwa wa familia huongea naye tangu pale alipofia, amweleze wanapokwenda, asije akabaki nyuma. Baba alianza pale pale, waya ukiingia mikononi mwake. "Twende ingo," akasema, akimaanisha kule kwetu, nyumbani kwenyewe. "Twende, baba. Mama yako anakungoja. Hapa si petu. Twende ingo." Yule mtu aliyekaa kimya wiki nzima alikuwa anaongea bila kumeza mate.

Nilibaki ndani ya leso. Mwendeshaji hatazami maji. Niliutazama mkanda wa fedha na bega la ndugu yangu, maji yakawa ya kahawia, yakawa ya kijani, yakawa mwangaza mtupu, halafu skrini ikawa nyeupe na nikausikia umati. Sikuitoa leso. Ni mwanamke wa chai aliyekuja kunitoa, akaikunja vizuri akaiweka mapajani pangu.

Nilimpigia Mama mimi mwenyewe.

"Mama, tumempata."

 Nyuma yake kina mama wa kanisa waliacha kuimba.

"Amevaa nini?" akauliza.

"Reflekta yake. Na ile fulana ya bluu."

"Ni yeye," akasema, kana kwamba kuna mtu alikuwa amembishia. Kisha akasema, "Mwambie kaka ya baba yako awache huo mgomba." Hapo ndipo alipoanza kulia, na alilia mpaka simu ikakatika.

Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyumbani magharibi. Mgomba ulikuwa umeshakatwa na kuletwa tangu wiki ya kwanza, na tulipofika tuliukuta umelala kando ya ghala, mweupe, maji yake yamemwagika. Hakuna aliyejua la kufanya nao. Ng'ombe wa baba mkubwa waliula.

Huko kwetu jeneza hushushwa kwa kamba, na wanaoshika kamba ni vijana, binamu na marafiki. Mzazi husimama kando na wazee. Watu wa boda wa Gitothua walikuwa wamekuja, wamevaa reflekta zao juu ya suti, na walikuwa wamejipanga tayari. Baba alitoka kwa wazee, akamgusa mmoja wao mkononi, akachukua kamba yake. 

Jeneza likaanza kushuka. Vijana waliachilia sawasawa, na pembe tatu zikaenda chini, ya nne ikabaki juu. Watu wakaguna. Mama, ambaye alikuwa ameshikwa na dada zake, aliita jina la mwanawe. "Mzee, achilia," kijana mmoja akanong'ona. "Mzee, linainama." Baba hakumsikia. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye ngumi yake ya kulia, na vidole vilikuwa vimepoteza rangi.

Wanawake hawasimami upande ule wa kaburi. Nilipita katikati ya wanaume, viatu vikizama kwenye udongo mpya, nikasimama nyuma yake nikaweka mkono mgongoni.

"Legeza, Baba," nikamwambia.

Ngumi ikafunguka kidogo. Kamba ikasogea. Pembe ya nne ikaanza kuzifuata zile nyingine, na kila kamba ilipopita mkononi mwake midomo yake ilicheza. Mimi tu ndiye niliyekuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Enda," alikuwa anasema. "Enda. Enda."

Nilisubiri lile neno la pili mpaka jeneza likafika chini na kamba ikalegea mkononi mwake, na hakulisema.